Hongo za Njiani: Siku 15 na Karavani, Agosti 2021

Kabla ya kuondoka

Nimezaliwa Bagamoyo, mwendo wa dakika chache kutoka Caravan Serai, pale misafara ya Ujiji na Tabora ilipokuwa ikitua pembe na kupumzisha wapagazi. Kwa hiyo mume wangu aliposema anataka kununua karavani, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye ngoma na bendera ya kirangozi, kiongozi wa msafara. Kumbe ni boksi jeupe la matairi mawili, lenye vitanda, jiko la gesi na choo cha kumwaga kwa mkono, lililokuwa limeota ukungu uani kwa mzee mmoja huku Northamptonshire, Uingereza. Watoto walilizunguka mara moja, wakalipa jina: Kobe.

Mpango wa mwanzo haukuwa Kobe. Mpango ulikuwa nyumbani. Mama yangu hajamwona mjukuu wake mdogo tangu ana miaka mitatu, na sasa ana sita. Lakini kwa sababu ya korona Uingereza iliifungia Tanzania tangu 22 Januari 2021, na ilipofika Februari ikaja karantini ya hoteli: unafungiwa chumbani siku kumi, chakula kinaachwa mlangoni, £1,750 kwa mtu mzima. Kuanzia 12 Agosti ikapanda hadi £2,285. Mtu wa pili chumbani anapunguziwa, watoto nao wanapunguziwa, ila ukijumlisha yote na tiketi za ndege unapata kiwanja Kerege, jirani na kwetu Bagamoyo, na tofali za kuanzia. Basi, nyumbani hakuendeki, tukaamua kukokota nyumba.

Ufaransa nayo haikuja kirahisi. Nchi zilipangwa kwa rangi kama taa za barabarani, na Ufaransa ilikuwa njano. Sisi tuliochanja dozi mbili tuliahidiwa kuwa kuanzia 19 Julai tutarudi kutoka nchi za njano bila kujifungia. Siku tatu kabla, ikatangazwa kwamba Ufaransa peke yake imeondolewa kwenye nafuu hiyo kwa sababu ya kirusi aina ya Beta. Uwe umechanja, usiwe umechanja, ukirudi unakaa ndani siku kumi. Mimi ni muuguzi. Siku kumi za kukaa ndani siwezi kuziombea ruhusa bila kuona aibu. Tukaahirisha kivuko. Tarehe 8 Agosti, Jumapili, nafuu ikarudishwa, na Jumapili hiyohiyo nikakata tiketi ya Jumamosi inayofuata kabla hawajabadili mawazo.

Kisha simu. Tangu 15 Juni 2017 tulishazoea: ukivuka kwenda Ulaya, bando lako linaendelea kama vile umekaa sebuleni kwako. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya na kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba 2020, sheria ya kuzibana kampuni za simu nayo ikaisha. Juni 2021 kampuni ya EE ikatangaza kuwa wanaojiunga au kubadili mkataba kuanzia 7 Julai watalipa £2 kwa siku wakiwa Ulaya, tozo hiyo ianze Januari 2022. Vodafone ikafuata siku chache kabla hatujaondoka. O2 haikuweka tozo ya siku, ikaweka mpaka wa GB 25. Mkataba wa mume wangu ulikwisha Julai, na kila wiki alipigiwa simu na kijana mwenye sauti tamu akimbembeleza achukue simu mpya. Nilimkataza kata kata. Simu yake kioo kimepasuka kama utando wa buibui, lakini mkataba wa zamani una romingi ya bure ndani yake, yaani kutumia bando lako ukiwa nje ya nchi. Akaambulia kubandika gundi ya karatasi.

Wangu mimi niliusoma mkataba wote, isipokuwa orodha ya nchi iliyoko mwishoni. Tutafika huko.

Nilitengeneza faili la plastiki. Vyeti vya chanjo vimechapishwa, nakala mbili mbili. Kiapo cha afya cha Ufaransa, kimoja kwa kila mtu mzima. Kadi za kijani za bima, moja ya gari na moja ya Kobe, nilizozihangaikia Julai nzima. Kuanzia 2 Agosti zikaambiwa hazihitajiki tena. Stika ya GB ya nyuma, ya kuonyesha gari ni la Uingereza, mpya kabisa, ambayo 28 Septemba inakuwa haina kazi kwa sababu wanataka iandikwe UK. Na hesabu ya uzito: leseni yangu ni ya baada ya 1997, kwa hiyo wakati ule gari na karavani kwa pamoja havikuruhusiwa kuzidi kilo 3,500. Ndiyo maana Kobe ni mdogo. Kila aliyemwona alisema "kanapendeza", neno ambalo kwa nyumba si sifa.

Jumamosi 14 Agosti. Northampton hadi Guînes

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Ukikokota karavani Uingereza mwisho wako ni maili 60 kwa saa, na kwenye barabara ya njia tatu huruhusiwi njia ya kulia. Hii inaleta utulivu fulani. Malori tu ndiyo majirani zako.

Daraja la Dartford: wakati huo £2.50, hakuna kibanda, unalipa mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata, usipolipa faini inakufuata nyumbani. Nikaandika kwenye daftari: hongo ya kwanza. Mume wangu, mtu wa Moshi, akashtuka, "Umemhonga nani?" Ikabidi nimweleze kwamba zamani za misafara hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa kupita: unafika kwa mtemi, unatoa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, unaruhusiwa kupita na kuchota maji. Ugogo ndiko ilikoogopwa kuliko kote. Kutoka hapo ikawa mchezo wa safari nzima, kila tulipolipa kupita, watoto wanapiga kelele kutoka nyuma, "Hongo!"

Dover, foleni. Hapa nikakumbuka sambusa. Nilikuwa nimekaanga sambusa za nyama arobaini, ziko kwenye friji ya Kobe, na tangu Januari nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Ulaya, hata kama ni kitafunwa cha mtoto. Nilizifunga mwenyewe usiku wa manane, sikuwa tayari kumwona mtu akizitupa kwenye pipa Calais. Tukazila foleni. Nyingine tukampa dereva wa gari la kambi jirani, ambaye alizipokea kwa barakoa usoni, akageuka upande, akala, akarudi kuomba tena. Kopo la samli nililiacha nyumbani; hilo nililikumbuka.

Askari wa mpaka wa Kifaransa wako Dover hukuhuku, hawakusubiri ng'ambo. Mmoja amegonga mihuri pasi zetu nne. Zamani hawakugonga; sasa wanahesabu siku 90 za kukaa kati ya kila 180. Akatazama vyeti vya chanjo, akatazama viapo, akatazama watoto, akasema neno moja nisilolielewa, tukapita. Dakika mbili, baada ya wiki sita za maandalizi. Nilitamani aangalie zaidi.

Melini nimezima data za simu zote na kibao cha watoto. Meli huwa na mnara wake wa setilaiti, na bei yake haimo kwenye bando la mtu yeyote. Saa moja na nusu bila intaneti: mkubwa akatapika, mdogo akalala.

Usiku, Guînes, karibu na Calais. Saa za Ufaransa ziko nyuma ya Bagamoyo kwa saa moja tu, kwa hiyo nimempata Mama kabla hajalala. Nikamwonyesha Kobe kwa video, kitanda, sinki, jiko. Akauliza choo kiko wapi, nikamwonyesha, akanyamaza kidogo. Kisha akaanza habari ya tozo. Miamala ya simu ilikuwa inakatwa tozo ya serikali tangu 15 Julai, na yeye kila nikimtumia hela anaona imekonda njiani. "Nyinyi huko mnalia pauni mbili," akasema, "hapa kutoa hela yako mwenyewe unalipa kama umekopa."

Jumapili 15 Agosti. Guînes hadi Reims

Barabara ya A26 imenyooka, mashamba pande zote, na ina vibanda vya kulipia. Gari letu usukani uko kulia, mashine ziko kushoto, kwa hiyo mlipaji ni mimi. Mashine inapima urefu kwa kwenda juu. Gari peke yake ni daraja la 1, lakini Kobe kichwa chake kimepita mita mbili, tunahesabiwa daraja la 2, na bei inapanda. Mkono wangu haufiki. Ikabidi nifungue mkanda, nitoke kiuno kizima dirishani, kadi mdomoni, huku lori nyuma yetu likinguruma. Mara ya tatu nikawa mzoefu.

Sheria inaturuhusu mwendo zaidi, Kobe haruhusu. Tumetembea kilomita 90 kwa saa mpaka Reims.

Jumatatu 16 Agosti. Reims

Kanisa kuu walikotawazwa wafalme wa Ufaransa. Tumeliangalia kutoka nje. Foleni ilikuwa ndefu.

Jambo la leo ni mkahawa. Tangu 9 Agosti 2021 hukuruhusiwa kuketi mkahawani Ufaransa, hata barazani nje, bila cheti cha chanjo au kipimo. Binti wa kuhudumia amekuja na simu yake mkononi badala ya menyu. Msimbo wa mume wangu umesomwa mara moja. Wangu ulikuwa ndani ya programu ya NHS, huduma ya afya ya Uingereza, programu inataka intaneti, intaneti pale katikati ya majengo ya mawe ilikuwa inazungukazunguka tu. Nikatoa karatasi kwenye faili. Binti akaipiga skani, ikalia, akatabasamu kwa macho. Nilimtazama mume wangu, yule aliyesema "karatasi za nini zama hizi". Aliagiza kahawa bila kuniangalia.

Jumanne 17 Agosti. Reims hadi Langres

Mji uko juu ya kilima, umezungukwa na ukuta wa zamani ambao unaweza kutembea juu yake. Kambi nayo iko juu, na nafasi tuliyopewa iko mwisho wa kijia chembamba, unaingia kinyumenyume.

Kurudisha nyuma karavani ni elimu tofauti na udereva. Ukitaka Kobe aende kushoto, usukani unaanza kuukata kulia, kisha unamfuata haraka kabla hajajikunja. Mume wangu alijaribu mara tisa. Waholanzi wawili waliokuwa wanasoma vitabu wakafunga vitabu. Wakasogeza viti. Mara ya kumi mmoja wao, mzee wa kaptura, akaja polepole, akagonga kioo, akaashiria: fungua, tusukume kwa mikono. Tukamfungua Kobe kwenye gari, tukamsukuma watu watano, akaingia kama droo. Sijui kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo.

Jumatano 18 Agosti. Langres

Asubuhi nimewasha birika la umeme na jiko la wali kwa pamoja, giza. Nguzo ya umeme ya kambi yetu inatoa ampea 6. Zidisha kwa volti 230 unapata wati kama 1,380, na birika letu la Uingereza peke yake ni wati 2,000. Hata bila wali lingezima. Fyuzi iko kwenye kisanduku kilichofungwa, ufunguo uko ofisini, ofisi inafunguliwa saa tatu. Majirani wawili waliokuwa wanatumia kisanduku hichohicho wakatoka nje na vikombe vitupu mikononi, wakatazamana, wakanitazama mimi.

Nimechemsha chai ya tangawizi kwenye gesi, sufuria kubwa, nikawagawia. Tangu leo birika liko chini ya kitanda.

Alhamisi 19 Agosti. Langres hadi Ziwa Léman

Siku ndefu. Dijon, kisha A39, kisha A40 kwenye madaraja marefu yaliyoning'inia kati ya milima. Hongo kubwa kuliko zote, sitaiandika hapa, mume wangu anasoma daftari hili.

Karibu na Geneva simu yangu ikapokea ujumbe: karibu Uswisi. Tulikuwa Ufaransa, barabara haivuki mpaka. Nikacheka, nikaufuta.

Ijumaa 20 Agosti. Ziwani, karibu na Yvoire

Ziwa ni kubwa kiasi kwamba mdogo ameuliza kama ni bahari na kwa nini halina chumvi. Ng'ambo ni Nyon, Uswisi, unaona nyumba kwa macho. Watoto wameogelea mpaka vidole vikanyauka.

Saa mbili usiku nikampigia Mama kwa video. Alikuwa jikoni, ameinua changu mbele ya kamera nimwone ukubwa wake, anasema kamnunua ufukweni asubuhi kwa bei ambayo... Picha ikaganda. Mama, samaki mkononi, mdomo wazi. Nikadhani umeme umekatika Bagamoyo. Kisha ukaingia ujumbe: umefikia kikomo cha £45.

Nikafungua sasa ile orodha ya nchi ya mwisho wa mkataba. Uswisi haimo. Si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kwenye mkataba wangu inahesabiwa pamoja na nchi za mbali, kwa megabaiti, bila bando. Tangu jana jioni simu yangu ilikuwa inakamata minara ya ng'ambo ya ziwa, kwa sababu maji hayana kizuizi na mnara wa Kifaransa uko nyuma ya kilima. Picha za watoto zilikuwa zinapanda zenyewe kwenye hifadhi, programu zinajisasisha, mimi nimelala. Kilichoniokoa ni sheria: wakati huo Uingereza ilikuwa imebakiza kikomo cha £45 kwa mwezi kwa data za nje, ukifika hapo ulikatwa mpaka ukubali mwenyewe kuendelea. Bila kikomo hicho, yule samaki changu angefikia bei ya mamba.

Dawa yake ni hii, kwa yeyote anayekwenda kulala karibu na mpaka. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, zima ule uchaguzi wa kujiendesha. Subiri dakika moja, itakuja orodha. Chagua mtandao wa Kifaransa kwa mkono, hata kama wenye mistari mingi ni wa Uswisi. Ukiizima simu na kuiwasha, kagua tena. Na ujumbe wa "karibu" usiufute kabla ya kuusoma.

Nilipochagua Orange, mtandao wa Kifaransa, bando langu likarudi kwa mistari miwili dhaifu. Nikampigia Mama kwa sauti tu. Alikuwa ameshamkaanga.

Jumamosi 21 hadi Jumatatu 23 Agosti

Ziwa. Mikate. Ziwa. Choo cha Kobe kimemwagwa mara mbili, zamu ya mume wangu zote mbili.

Jumanne 24 na Jumatano 25 Agosti. Beaune

Tumeanza kurudi. Mizabibu kila upande, na sisi watu wa juisi. Paa la hospitali ya zamani lina vigae vya rangi vilivyopangwa kama mkeka wa ukindu. Huo mkeka nimekaa nikiuangalia nusu saa.

Nguo zimefuliwa kambini, zikakauka kwenye kamba kati ya Kobe na mti.

Alhamisi 26 Agosti. Beaune hadi Troyes

Siku ya karatasi. Kuingia Uingereza wakati huo kulihitaji kipimo ndani ya siku tatu kabla ya kuondoka, kwa kila mwenye miaka 11 na zaidi, hata aliyechanja. Duka la dawa lilikuwa limefunga hema jeupe mbele ya mlango, mtu anakaa kwenye kiti cha plastiki barabarani, anachomekwa kijiti puani huku wapita njia wanaendelea na mikate yao. Euro 29 kila mmoja wetu. Mfamasia nikamwonyesha masharti ya Uingereza: jina la mtengenezaji, lugha iwe Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, kipimo kiwe na usahihi wa asilimia 97 kwa upande mmoja na 80 kwa upande mwingine. Akasoma kwa adabu, akapandisha mabega mpaka masikioni. Baada ya dakika kumi na tano tukapewa karatasi zenye mhuri. Hasi wote wawili.

Jioni, Troyes, fomu ya msafiri. Haikuruhusiwa kujazwa mapema, ilikuwa ndani ya saa 48 kabla ya kufika. Wi-Fi ya kambi inapatikana penye sinki za vyombo tu. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibao mapajani, watu wanaosha masufuria pembeni yangu. Jina, pasi, anwani, meli, nchi ulizopitia siku kumi, namba za kumbukumbu za vipimo vya siku ya pili ambavyo lazima uwe umeshalipia, watoto nao kwa kuwa wamepita miaka mitano. Nilipofika kwa mdogo, Wi-Fi ikakatika na fomu ikajifuta. Nikaanza upya. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na sufuria ya tambi akachungulia, akasema hiyo yake ilimla saa mbili jana. Akaniachia sabuni.

Vipimo hivyo vya siku ya pili tulivinunua Julai. Vya serikali vilishushwa kutoka £88 hadi £68 siku ileile tuliyoondoka. Vinavyotangazwa kwa £20 nilivitafuta usiku mzima, kila ukibofya vimekwisha. Watu wanne, nimekwisha kusema kiwanja. Hapa ni choo na uzio.

Ijumaa 27 Agosti

Troyes hadi nje ya Calais. Mvua. Daraja la 2 njia nzima.

Jumamosi 28 Agosti. Nyumbani

Calais upande wa Uingereza afisa alikagua kila kitu, ukurasa kwa ukurasa, akafungua hata viapo ambavyo ni vya Ufaransa. Faili langu lilipata mtu wake. Mume wangu alisema nilikuwa natabasamu.

Tumeshuka Dover, tumesimama kupandisha vioo virefu vya pembeni vilivyokuwa vimelegea, simu ikalia: karibu Ufaransa. Minara ya ng'ambo inafika mpaka kwenye yale majabali meupe. Safari hii niliusoma.

Jumatatu 30 Agosti

Ni sikukuu, na ni siku yetu ya pili. Vijiti vinne puani, mdogo amekimbilia ndani ya Kobe na kujifungia, tukamtoa kwa ahadi ya chipsi. Bahasha zimetumbukizwa kwenye sanduku la posta lenye alama ya kipaumbele. Majibu yakaja baadaye, wote hasi. Tanzania bado nyekundu.

Alhamisi 9 Septemba

Bili ya simu imeingia. Dartford inakumbukwa, Reims inakumbukwa, lakini kwenye karatasi hii Ufaransa, nchi tuliyolala usiku kumi na nne, imeandikwa sifuri. Chini yake, Uswisi: £45. Nimeipiga picha bili hiyo nikamtumia Mama. Amejibu kwa sauti, anauliza huko Uswisi tulikula nini.